Coralie Dunstan na Siku ya Kelele

Watu wa Wallsend, kitongoji cha wachimba makaa na mafundi chuma, humjua Coralie Dunstan kwa sikio kabla hawajamjua kwa jicho. Jumamosi asubuhi, viwanja kumi na vinne vya netiboli vinapojaa wasichana na mama zao wenye vikombe vya kahawa, huwapo waamuzi kumi na wanne wenye filimbi kumi na nne, na mmoja wao filimbi yake hubaki shingoni kama pambo. Coralie akisema "Umemgusa", msichana wa kiwanja cha tatu husimama, na yule wa kiwanja cha tisa, ambaye hakumgusa mtu, naye husimama.

Hakuzaliwa na sauti hiyo. Alizaliwa Kurri Kurri mwaka 1957, binti wa mchimba makaa aliyependa nyumba tulivu, na dada yake mkubwa husema kwamba utotoni Coralie aliongea kama mtu anayeomba radhi. Sauti aliipata kwa ndoa. Mwaka 1979 aliolewa na Ray Dunstan, fundi wa kiwanda cha chuma, aliyefanya kazi katika kinu cha kunyooshea vyuma enzi ambazo kuziba masikio kulihesabiwa kuwa ulegevu. Kila mwaka Ray alipoteza kidogo, na kila mwaka mkewe akaongeza kidogo, kama watu wawili wanaobeba meza ngazini: mmoja akishusha, mwenzake hupandisha. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1999, Ray alikuwa anasikia kama mtu aliye chini ya maji, na Coralie alikuwa na uwezo wa kumwita mwanawe Craig kutoka mitaa mitatu. Craig alipokuwa mdogo alimwita kila jioni saa ya taa za barabarani kuwaka, saa ambayo kila mtoto wa Wallsend alipaswa kuwa ameshaingia ndani. Majirani walirekebishia saa zao hapo.

Kwa Ray, sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kufa: ndege, kengele ya simu, fidla. Vifaa vya kusikilizia alipewa, akavitia katika droo ya banda la njiwa, akidai kwamba vinapiga mluzi na kuwatia njiwa wake wa mashindano wasiwasi. Muziki, alisema, ulikuwa umebaki kuwa mvua juu ya bati.

Coralie aliendesha kantini ya shule ya sekondari kwa miaka ishirini na mitano, na huko ndiko alikokutana na Tegan Prowse mwaka 1998. Tegan alikuwa na nywele alizozikata mwenyewe kwa mkasi wa darasa la sanaa, na alikuwa na njaa isiyokwisha. Siku za mvua, wanafunzi walipofungiwa madarasani kwa ratiba maalumu, yeye na wenzake watatu walijificha stoo ya kantini na kupiga gitaa juu ya makatoni ya chipsi. Walikuwa na aina moja tu ya muziki masikioni mwao, ile pop-panki ya vijana wa vitongoji: nyimbo za dakika mbili na nusu, mapigo ya mbio, na huzuni iliyoimbwa kana kwamba ni furaha. Bendi yao wakaiita Ratiba ya Mvua. Coralie hakuwafukuza. Aliwataka tu wasikalie mikate.

Muziki huo una desturi yake, nayo ndiyo iliyomwingiza Coralie katika habari hii. Siku ya mwisho ya kurekodi, marafiki wote huitwa. Huvua viatu mlangoni ili vishindo visiingie katika wimbo, huzunguka kipaza sauti kimoja kama watu wanaoota moto, kisha hupiga kelele kwa pamoja wakiyatoa yale maneno ambayo mwimbaji hawezi kuyabeba peke yake. Ahsante yao ni katoni ya bia na soseji za kuchoma. Wenyewe waliiita Siku ya Kelele.

Albamu ya kwanza ilirekodiwa mwaka 2004 katika banda la gari la mpiga dramu. Coralie alikuwa amepita kuwapelekea pai zilizobaki, wakamsihi avue viatu. Neno lilikuwa moja tu: "Hapana." Alipolitoa, sindano ya mashine ya kurekodia ililala upande wa kulia na kukataa kuinuka. Ikabidi warudie, wakiwa wamemsogeza nyuma hatua mbili. Katika albamu ya pili walimsogeza hatua tano. Katika ya tatu alisimama nyuma ya friji. Katika ya nne, mwaka 2010, alisimama koridoni, mlango ukiwa wazi nusu. Hata hivyo, mwenye kuzisikiliza albamu hizo leo atasikia umati wa watu thelathini ambao wote wana sauti ya mwanamke mmoja.

Tangu albamu ya pili, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa Siku ya Kelele. Hakuna aliyemteua. Tegan alikuwa akipita kantini na kusema, "Siku ya mwisho ni Jumamosi," naye Coralie hakuhitaji neno la pili. Aliwapigia watu simu mmoja mmoja, aliandika maneno ya viitikio kwa kalamu nene juu ya karatasi ya kufungia pai, na alikagua soksi za watu mlangoni kama anavyokagua kucha za wachezaji wa netiboli kabla ya mechi.

Kila albamu ilipotoka, Ray alitimiza ibada yake. Jumapili, baada ya kuwalisha njiwa, alikaa mbele ya redio kubwa ya sebuleni, akaweka kiganja juu ya spika, akasubiri. Kiitikio kilipofika alitabasamu na kusema, "Huyo hapo." Basi. Alikuwa akisema hayo mawili tu, kisha akirudi bandani. Kwa Coralie, maneno hayo mawili yalishinda makofi ya ukumbi mzima.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumsimulia mtu kwa miaka mitatu. Jumapili moja ya mwaka 2010, albamu ya nne ikiwa mpya, Coralie alibonyeza kitufe vibaya. Wimbo uliopigwa haukuwa na kelele hata moja. Alikuwa Tegan peke yake na gitaa. Ray aliweka kiganja, akasubiri muda ule ule aliouzoea, akatabasamu. "Huyo hapo," akasema.

Coralie alikwenda jikoni akachemsha chai. Hakumwambia lolote, wala hakukasirika. Alielewa kwamba mumewe alikuwa akihesabu, hasikii. Kwamba huenda hakuwahi kumsikia hata katika albamu ya kwanza, na kwamba alisema vile kwa sababu alijua mkewe anangoja. Lilikuwa tendo la upendo, na halikupunguza upweke wake hata kidogo.

Ndiyo maana albamu ya tano ilimshika kuliko zote. Mwanzoni mwa Julai 2013, Tegan, ambaye sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa na amechoka kuimba kuhusu kuachwa stendi, alikuja kantini wakati wa mapumziko na kumwaga yote juu ya kaunta. Albamu ingeitwa Taa za Barabarani. Ingekuwa na nyimbo kumi na moja zilizoshikana mikono bila pengo. Kungekuwa na wimbo wa mapigo ya tatu-tatu, kama wa dansi ya wazee. Kungekuwa na bendi ya matarumbeta ya wachimba makaa wastaafu, fidla nne, ngoma za kompyuta, na wimbo mmoja wa gitaa la kulaza mapajani, mtindo wa wachunga ng'ombe. Mpiga dramu, alipoonyeshwa orodha, aliuliza kama hiyo ni albamu au ni mnada wa vitu vya marehemu.

"Na mwishoni, Coz," Tegan alisema, akimwita Coralie kwa jina la utani la kantini na kuushika mkono wake uliokuwa na unga, "kuna mahali kila kitu kinanyamaza. Dramu, gitaa, vyote. Kimya."

Coralie alirudi nyumbani na neno hilo. Katika albamu nne zilizopita, sauti yake ilikuwa imekaa katikati ya mvua juu ya bati. Ikiwa mvua ingekatika, hata kwa sekunde tano, na yeye akawekwa hapo, Ray angemsikia kweli, ama yeye angejua kwa hakika kwamba hasikii. Lolote kati ya hayo lilikuwa bora kuliko kubahatisha. Hakumwomba Tegan nafasi hiyo. Aliona haina haja ya kuombwa. Siku ya Kelele ingefika kama ilivyofika siku zote.

Asichokijua ni kwamba Siku ya Kelele ilikuwa imefutwa. Prodyuza waliyemwita kutoka Melbourne, Ilias Kouros, mtu wa maneno machache na chai nyingi, alikuwa amesikiliza albamu zao zote nne kabla ya kukubali kazi. Hukumu yake aliitoa siku ya kwanza: kelele ni chumvi, nao kwa miaka tisa wamekuwa wakipika chumvi. Wote walikubali isipokuwa mpiga dramu. Tegan akapewa kazi ya kumwambia Coralie.

Alikwenda Jumanne moja ya Agosti. Alikula pai, akazungumzia mbwa wake. Akala pai ya pili, akauliza hali ya njiwa. Kila alipofungua kinywa kusema neno lililomleta, alimwona Coralie akikunja karatasi ya kufungia pai na kuiweka kando, ile kubwa, isiyo na mafuta. Mwishowe alisimama, akajipangusa mdomo na kusema, "Siku ya mwisho ni Jumamosi." Alikusudia kusema kwamba Jumamosi kazi itakwisha, naye Jumapili atapata nafasi ya kuzungumza. Lakini kwa desturi yao maneno hayo yalikuwa na maana moja tu, na kufikia saa mbili usiku Coralie alikuwa amepiga simu ishirini na mbili.

Studio ilikuwa katika klabu ya zamani ya mchezo wa kuviringisha matufe kwenye nyasi, iliyofungwa wachezaji wake walipozeeka. Ukumbi ulikuwa na sakafu nzuri ya mbao na dirisha moja la vioo vya kukunja ambalo halikufungika vizuri tangu klabu ilipokuwa hai. Mbele yake palikuwa na uwanja wa nyasi fupi, tambarare kama meza, na mwisho wa uwanja jiko la kuchomea nyama chini ya paa la bati. Jumamosi saa nne asubuhi, magari tisa yaliegeshwa. Watu ishirini na wawili walishuka: fundi vigae Scotty Mulhearn, wauguzi wawili, mwalimu wa hisabati, timu nzima ya netiboli ya wanawake wa zaidi ya arobaini. Walivua viatu, wakavipanga mstari mmoja kando ya ukuta, wakasimama juu ya umande wa Agosti wakiwa na soksi, wakimngoja Coralie abishe hodi.

Tegan ndiye aliyefungua. Aliangalia viatu kwanza, ndipo akaangalia watu.

"Coz," alisema.

"Tupo. Scotty ana soksi yenye tundu lakini nimempitisha."

"Coz, nilitaka kukwambia."

Coralie alimtazama, na kama mwamuzi aliyezoea kusoma kosa kabla halijatendeka, alilisoma lote usoni pake. "Hakuna kelele," alisema, safari hii kwa sauti ya utotoni ambayo dada yake angeitambua.

"Hakuna. Albamu nzima. Nilikuja Jumanne nikwambie."

"Ulikuja ukala pai mbili."

"Zilikuwa nzuri."

"Ulishindwa kuniambia usoni, ukajaza pai mdomoni." Coralie alikunja karatasi yake ya maneno mara mbili, kisha mara ya tatu. "Sikiliza, mwanangu. Mimi si mtoto wa kunyimwa peremende. Ungesema tu."

"Ningesema vipi? Uso wako huo ulivyokuwa unang'aa, ningeanzia wapi?"

Coralie aliitia karatasi mfukoni. Alikuwa akiyaona yale mapumziko ya sekunde tano yakifungwa kama mlango wa duka, naye akiwa nje na kikapu. Lakini nyuma yake kulikuwa na watu ishirini na wawili wenye miguu inayoloa, na mtu aliyeendesha kantini kwa robo karne hawezi kuwaacha watu wasimame bila kula. Aligeuka akawaambia kwamba kuna mabadiliko, kwamba soseji zipo, na kwamba atakayelalamika ataosha sufuria. Scotty alifungua kinywa. Aliangaliwa. Akakifunga.

Wakavuka uwanja kwenda kwenye jiko la nyama, na Tegan akarudi ndani kumalizia wimbo wa mwisho. Alikuwa amefika mahali pale pa ukimya. Matarumbeta yalikuwa yamekwisha kurekodiwa siku mbili kabla. Yalipanda, yakashuka, yakakatika, na baada yake palibaki mwimbaji peke yake akinong'ona mstari mmoja kuhusu mtoto anayekaa nje wakati taa zimekwisha kuwaka. Kipaza sauti kilifunguliwa kwa kiwango cha kunasa hata mtu anavyomeza mate. Tegan alikuwa amerudia mstari huo mara kumi na nane, na kila mara Ilias alisema ni mzuri lakini haujibiwi na kitu.

Mara ya kumi na tisa aliimba, akanyamaza, na katika ule ukimya, kutoka mbali sana, kukaja sauti ya mwanamke:

"Nani anataka vitunguu?"

Tegan alifumba macho. Mpiga dramu aliuma mkono wa shati lake. Ilias alivua hedifoni taratibu, akaziweka mezani, akatoka nje mpaka ukingo wa nyasi.

"Ni nani huyo?" aliuliza.

Watu ishirini na wawili, bila hata kupeana macho, walimwonyesha Coralie kwa uma, kwa vipande vya mkate na kwa vidole. Yeye alikuwa ameshika koleo la soseji, na uso wake ulikuwa umeiva kuliko soseji zenyewe. Alianza kuomba radhi kutoka kule alikokuwa, na Ilias, hatua nyingi mbali, aliinua mkono kumwonyesha kwamba anamsikia bila shida.

Aliporudi ndani aliisikiliza sehemu ile mara tatu. Kisha akamwita Tegan, wakasikiliza pamoja. Nyasi zile zote na hewa ile yote zilikuwa zimeichukua sauti iliyovunja mashine mwaka 2004, zikaiparua ukali, zikabakisha kiini chake. Haikuwa kubwa. Ilikuwa tu ya mtu anayeita kutoka mlango wa nyuma, akiwa na hakika kwamba atasikika.

"Mara nne mmemsogeza nyuma," Ilias alisema. "Tatizo hamkumsogeza vya kutosha."

Alizihesabu hatua mwenyewe, kutoka dirishani mpaka jikoni: hamsini na nane. Waya wa hedifoni haukufika hata nusu, kwa hiyo walipanga kwamba Tegan asimame katikati ya uwanja na kushusha mkono wakati wa kuita ukifika. Hilo Coralie alilielewa upesi. Maisha yake yote ya Jumamosi yalikuwa mikono inayopanda na kushuka. Maneno yalikuwa mawili, ya mwisho katika albamu nzima: "Njoo ndani."

Mara ya kwanza aliharibu. Aliposikia kwamba hiki ni kitu cha fidla na ukimya, alinyoosha shingo na kuimba kwa adabu kama yuko kanisani kwenye arusi ya mtu asiyemjua. Scotty alitazama pembeni. Ilias alitembea hatua zote hamsini na nane kwenda kumwona, kikombe cha chai mkononi.

"Usiimbe, mama," alimwambia. "Waimbaji ninao. Wewe ita mtu."

"Nimwite nani?"

"Yeyote unayetaka aingie ndani."

Akarudi hatua zake. Coralie alisimama, miguu miwili ndani ya soksi zilizoloa, akautazama uwanja kana kwamba ni barabara ya nyumbani kwake, na mwisho wake taa moja inawaka. Mkono wa Tegan ulishuka.

"Craig! Njoo ndani!"

Njiwa wa porini waliruka kutoka kwenye paa. Mbwa wa jirani alibweka. Coralie alijifunika mdomo kwa kiganja, kisha akaanza kuvuka uwanja kwa mwendo wa haraka, akieleza njia nzima kwamba halikuwa kusudio lake, kwamba ni mazoea tu, kwamba Craig ana miaka thelathini na mbili na anaendesha malori ya mgodi huko Karratha, na kwamba hapendi hata bendi yenyewe. Aliomba wafute, arudie vizuri.

Ilias alikuwa akitazama mawimbi ya sauti kwenye kioo cha kompyuta. "Umechelewa kidogo pia," alisema bila kugeuka. Mpiga dramu akasema hilo ni jambo la sekunde moja, wanaweza kuivuta sauti mbele ikae juu ya pigo. Ilias akamwuliza kama amewahi kuitwa na mama yake kutoka mbali na sauti ikafika juu ya pigo. Sauti nayo hutembea, alisema, na nyasi zile zina urefu wake, waiache ichelewe.

"Na hilo jina?" Coralie aliuliza. "Jina mtalitoa."

Tegan alimkumbatia, akamwambia tutaona. Coralie, aliyewalea watu wengi kwa neno hilo hilo, alijua maana yake.

Nje, Scotty alikuwa akigawa soseji za mwisho. "Tumekuja ishirini na watatu, ameingia mmoja," alisema huku akivaa kiatu. "Sawa na albamu zote."

CD ilifika mwezi Machi uliofuata, katika bahasha yenye mwandiko wa Tegan. Coralie hakuwa amemsimulia Ray lolote kuhusu siku ile. Kwa kuwa mkewe alirudi na mafua, Ray alijua tu kwamba Siku ya Kelele ilifanyika. Hakuambiwa wimbo gani, wala dakika gani, wala maneno gani. Safari hii, Coralie aliamua, hapatakuwa na kitu cha kuhesabia.

Jumapili, njiwa walipokwisha kula, Ray alikaa mbele ya redio na kuweka kiganja juu ya spika. Coralie alikaa kwenye mkono wa kiti nyuma yake, mahali ambapo angeiona shingo tu. Wimbo wa kwanza ulikwenda mbio kama zamani, na kiganja kikatetemeka. Ule wa mapigo ya tatu-tatu ulipokuja, Ray alitikisa goti. Ngoma za kompyuta zilimfanya akunje uso na kuuliza kama mashine imeharibika. Fidla zilipita bila yeye kujua kwamba kuna kitu kimepita, akageuka mara moja kuuliza kama umeisha. Coralie alitikisa kichwa. Matarumbeta aliyapenda, akasema huyo wa sauti ya chini kabisa lazima awe mchimba makaa wa Abermain, watu wa huko wana mapafu.

Wimbo wa kumi na moja ulianza. Mara mbili katika wimbo huo vyombo vilipanda mahali ambapo, katika albamu nyingine yoyote ya Ratiba ya Mvua, pangekuwa na kelele, na mara zote mbili Coralie aliuma mdomo akingoja yale maneno mawili ya upendo na uongo. Ray hakuyasema. Aliinamisha kichwa tu. Matarumbeta yalipanda, yakashuka, yakakatika, na chini ya kiganja chake spika ikaacha kutetemeka kabisa. Tegan alinong'ona mstari wake, ambao Ray hangeweza kuusikia. Ukaja ukimya.

Kiganja kiliondoka juu ya spika. Ray aligeuza sikio la kushoto, lile ambalo kinu kilikuwa kimelionea huruma kidogo, akabaki hivyo, mkono hewani. Kisha wimbo ukaisha, na redio ikafanya ule mlio wake mdogo wa kusimama.

Coralie hakuthubutu kusogea.

"Mbona unamwita Craig?" Ray aliuliza. "Si yuko Karratha."

Aligeuka kabisa kwenye kiti, akamkuta mkewe amejifunika mdomo kwa kiganja, kama alivyofanya kule uwanjani ingawa yeye hakuwapo kuliona hilo.

"Halafu umechelewa," aliongeza.

Coralie alimwambia, kwa sauti ambayo majirani wa pande zote mbili waliisikia vizuri, kwamba alikuwa hatua hamsini na nane kutoka kwenye kipaza sauti. Ray alilipima jambo hilo kwa makini ya mtu wa kiwandani, akaona kwamba ni kweli, hatua hamsini na nane ni nyingi. Kisha akamwomba arudishe hapo mwisho, asikie tena.